Posa ya Siku ya Maji Makubwa

Siku mama yake Fadlan alipokuja kuiona nyumba anakotaka kuoa mwanawe, Maimun alikuwa ameazima kila kitu isipokuwa mto. Viti vilitoka shule ya msingi, anakofundisha binti yake Zuraida, navyo vilikuwa na jina la shule kwa rangi nyeupe mgongoni, kwa hiyo Maimun alivitundikia taulo. Vikombe vilitoka kwa mke wa imamu, na kimoja kilikuwa na ufa, ambacho Maimun alishaamua atakinywea yeye. Zulia jekundu lilikuwa la msikiti, limetolewa kwa sharti lirudi kabla ya Ijumaa. Lakini mto ulikuwa wetu. Hapa Tanjung Pulai, mto Kampar unapokaribia kuingia baharini, ni mpana hata nyumba za ng'ambo huzioni, unaona mstari wa kijani tu, na asubuhi ile jua lilikuwa limeulalia wote, kutoka nguzo za nyumba zetu mpaka kule mstarini. Mimi nimezaliwa hapa na bado kuna asubuhi nasimama kuutazama nikasahau nilikuwa naenda wapi.

Zuraida alikuwa amevaa pete ya Fadlan tangu Ramadhani. Pete ililetwa na mshenga kama kawaida, na sasa mama mtu alikuwa anakuja mwenyewe kutoka mjini Pekanbaru, pamoja na kaka yake, ili siku ya harusi ipangwe. Ndivyo walivyosema kwenye simu. Ila kijiji kizima kilijua, na Zuraida alijua kuliko wote, kwamba Mama Fadlan anakuja kutafuta sababu. Akiipata, pete itarudi ilikotoka, na Zuraida atabaki na darasa lake na macho ya watu.

Alfajiri, kabla hata ya kuwasha jiko, Maimun alimwuliza mumewe kama ameuona mwezi.

"Nimeuona," alisema Atan.

"Na umempigia yule mama?"

"Nimwambie nini? Kwamba asije?"

"Mwambie ukweli. Mwambie leo Bono anapita."

Atan aliendelea kufunga msuli wake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyaweka kama akiba. Alisema wageni watafika asubuhi, watakula, wataongea, na watu wa mjini wakianza kuongea hawamalizi. Bono atapita wao wakiwa bado kwenye kahawa. Jioni wataondoka maji yakiwa yametulia, wala hawatajua kitu.

Hilo ndilo lilikuwa kosa, na ni kosa ambalo hakuna mtu angelifanya ila sisi. Mwezi ukipevuka au ukiandama, bahari hurudi Kampar kwa mkupuo mmoja, ukuta wa maji kutoka ukingo hadi ukingo, na huyo ndiye Bono. Tunamsema kama mtu kwa sababu hatujui tumseme vipi tena. Siku ya kwanza iliyopangwa ilikuwa ya maji madogo, salama kabisa, lakini Mama Fadlan alikuwa na mzigo wa vitambaa unaoingia dukani kwake, akasogeza safari mbele hadi ikaangukia mwezi mpevu. Atan angepiga simu. Tatizo ni kwamba huku kwetu kumwambia mwenye posa asije siku fulani ni kumwambia asije kabisa. Ndivyo watu wanavyokataliwa bila kuvunjiana heshima, na kila mtu anaelewa. Kwa hiyo Atan alinyamaza, akamwachia Mungu na kahawa.

Na kulikuwa na jambo la pili. Wenye posa wakija, kisha Bono akawazuia kuondoka, maana siku nyingine maji hayatulii kabla ya usiku, hadi wakalala chini ya paa la msichana, tunasema wamefungwa na maji. Hapo hakuna kurudi nyuma tena. Mto umeshawakubalia. Wajomba zake Atan walifungwa hivyo hivyo nyumbani kwa kina Maimun, na Maimun hajawahi kuchoka kumkumbusha mumewe kwamba bila maji asingepata mke, kwa sababu wajomba walikuwa wameshavaa viatu. Sasa basi, majirani walipoona wageni wanakuja siku ya mwezi mpevu, walicheka wiki nzima. Walisema Atan katega nyavu za wakwe.

Atan hakucheka. Hakuwa ametega kitu. Lakini hakuwa amesema kitu pia, na vitu hivyo viwili kwa mbali vinafanana.

*

Boti lilikuwa jeupe, la kukodi, nalo liliteremka na maji yanayotoka. Dereva wake alikuwa kijana mmoja wa kabila la Mbatak, wa mji wa kule mto unakotoka, anaitwa Ucok, ambaye hakuwahi kushuka mtoni mpaka huku. Alilifunga gatini kwa mafundo mazuri sana. Wanaume waliokuwa wakitengeneza nyavu waliyatazama yale mafundo, wakatazamana.

Mama Fadlan jina lake Rusdiana. Alikuwa mama mnene mwenye sura nzuri, amevaa viatu vyeupe, na ngazi ya gati letu ina utelezi wa matope hata sisi hutushinda. Fadlan alimshika mkono huu, kaka mtu, Mzee Bakhtiar, akamshika ule. Alipofika juu kiatu kimoja kilikuwa cha rangi nyingine. Alitoa salamu kwa ukamilifu wake, akambusu Maimun mashavuni, kisha akageuka kumwambia Fadlan asisahau kapu. Kapu lilikuwa na chupa za maji ya dukani, na mikate.

Maimun aliliona kapu na moyo ukamwanguka. Maana tulikuwa tumeshasikia. Fadlan alikuja Tanjung Pulai kama fundi wa mnara wa simu, akakaa msimu mzima, akala nyumba hii na ile. Aliporudi Pekanbaru hakuongea kitu kingine ila mwalimu mmoja mwembamba mwenye kicheko, na mto. Alimwambia mama yake kwamba alikuwa juu ya mnara akauona mto unasimama na kutembea. Mama mtu akamwelewa vingine. Kijana wake mwenye akili timamu, aliyesomeshwa, amelishwa limbwata. Akampeleka kuombewa.

Kwa hiyo Mama Fadlan alikaa kwenye kiti cha shule, taulo likateleza likaanguka, naye akainama akasoma jina la shule taratibu, akalirudisha taulo mahali pake. Alikunywa maji yake. Alipotaka choo, Zuraida alimpeleka nyuma, kwenye ule ubao wenye tundu juu ya matope, akasimama nje ameshika kanga iwe pazia. Mama Fadlan alirudi ameikunja sketi yake, uso umekaza.

Chakula kiliandaliwa juu ya zulia. Samaki wa mchuzi mchachu wenye pilipili, kamba wakubwa wa mtoni, wali, kachumbari ya embe bichi. Mzee Bakhtiar, ambaye alikuwa mtu wa kupenda tumbo lake, alinyoosha mkono, dada yake akamtazama, mkono ukarudi. Mama Fadlan alisema wamekula njiani. Akala mkate.

"Hata mchuzi?" aliuliza Maimun.

"Tumbo langu si zuri, dada yangu. Lakini unanukia, hongera."

Atan alijaribu kuongea. Alisema kuhusu nazi, kuhusu shule, kuhusu mnara ambao Fadlan aliutengeneza na hadi leo unashika vizuri ukipanda juu ya paa. Mzee Bakhtiar alijibu kwa adabu. Mama Fadlan aliuliza kama Zuraida anaweza kuuza duka. Zuraida akasema anaweza kujifunza. Akauliza kama huwa anaumwa malaria. Akauliza maji ya kuoga wanayatoa wapi, na Zuraida akanyoosha kidole dirishani, kwenye maji ya rangi ya chai, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kunyoosha. Fadlan alikuwa akitazama miguu yake. Kila alipofungua mdomo mama yake alimtangulia, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi.

Na watu wa mjini, kumbe, wakati mwingine humaliza kuongea mapema sana.

*

Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Ucok alipanda ngazi mbio, akamwita Mama Fadlan barazani, akamnong'oneza. Alikuwa amekaa gatini na wavuvi, wamempa sigara, wamemtania. Wamemwambia asijisumbue kuangalia mashine, leo hatalala kwao, mabosi zake wanafungwa na maji. Alipouliza ni nini, wakamweleza yote huku wakicheka.

Mama Fadlan aliingia ndani akiwa amesimama wima kuliko alivyotoka. Alisema wanashukuru kwa ukarimu, wataondoka sasa hivi.

Atan alisimama pia. Alimwomba akae kidogo, mpaka alasiri. Alisema maji makubwa yanakuja.

"Maji gani?" alisema Mama Fadlan. "Niyaone."

Wote wakatazama nje. Na hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu mto haujawahi kuwa mzuri kama saa ile. Maji yalikuwa yametoka karibu yote. Matope yaling'aa, yangeyange weupe wametapakaa juu yake wakiokota vidudu, na katikati mkondo ulikuwa laini, bila hata kiwimbi. Mtoto angeweza kuvuka kwa beseni. Ndivyo mto unavyokuwa kabla yake, kila mara, lakini nani angeamini, na angeaminije, huku anayemwambia ndiye mwenye faida?

"Mama," alisema Fadlan, "ni kweli. Mimi nimemwona."

"Wewe umeona mengi huku."

"Tukiondoka sasa atatukuta kwenye kona, pale juu, penye kina kifupi. Hapo ndipo anapovunjika."

"Fadlan. Chukua kapu."

Alishuka ngazi ya nyumba. Alishuka vizuri, bila kushikwa, kwa hasira. Majirani walikuwa wametoka mabarazani. Imamu alikuwa ametoka msikitini na kandambili zake mkononi. Wale waliotania walikuwa wameinamisha vichwa, na hakuna aliyethubutu kusema kitu, kwa sababu neno lolote kutoka kinywa cha Tanjung Pulai lilikuwa sasa kamba nyingine ya mtego. Ucok alikuwa ameshaanza kufungua mafundo yake mazuri.

Atan alimpita Mama Fadlan kwenye ubao mwembamba wa gati, jambo ambalo kwa mgeni na kwa mwanamke ni utovu wa adabu, akasimama mbele yake. Nilikuwa karibu. Nilisikia kila neno.

"Mama Fadlan," alisema. "Ulivyoambiwa ni kweli. Desturi hiyo ipo, mimi na mke wangu tumeoana kwa mlango huo. Na kosa langu lipo. Nilijua leo ni siku ya maji makubwa, sikukwambia, nilihofia utaona tumekukataa. Sasa sikiliza, na imamu asikilize. Mimi ndiye ninayeivunja posa hii. Hamjafungwa na kitu. Laleni hapa hata mwezi mzima, hakuna atakayewadai bwana harusi. Lakini kwenye boti hampandi."

Lazima nieleze kidogo hapa. Kwetu, upande uliovunja posa haufungui mdomo tena. Upande wa pili ukitaka, uanze upya, mlangoni, kwa tambuu mpya, kama watu wasiojuana. Na nani huanza upya na watu waliomkataa hadharani? Mimi sijawahi kuona. Atan alikuwa amemtoa binti yake sadaka, mbele ya kijiji, ili mwanamke aliyekataa mchuzi wake asife maji.

Zuraida alikuwa kwenye ngazi. Baba yake alimtazama. Zuraida akaanza kuivua pete, ikakataa. Kidole kilikuwa kimevimba kwa kazi za asubuhi. Akavuta, akavuta, watu wote wakitazama, mpaka akaingia ndani akatumbukiza mkono kwenye bakuli la kunawia lililokuwa bado juu ya zulia. Alirudi na pete kwenye kiganja chenye maji.

"Hii hapa, mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ile anayotumia darasani, ya chini na iliyonyooka. "Sasa huna deni na sisi. Tafadhali kaa."

Mama Fadlan alikuwa amejiandaa kwa kubembelezwa, kwa machozi, labda kwa uchawi. Kwa hili hakujiandaa. Aliipokea pete kwa sababu iliwekwa mkononi mwake. Kisha akaketi, palepale kwenye ngazi ya nyumba, na sketi yake juu ya matope.

"Boti," alisema Atan kwa Ucok. "Likibaki hapa litabaki vipande. Washa mashine, nipishe mimi."

Alipokuwa anashuka, Zuraida alimfuata mpaka mwisho wa gati.

"Baba, umenitoa bila kuniuliza."

"Nimekutoa."

"Ungeniuliza ningekubali."

"Najua," alisema Atan. "Ndiyo sababu sikukuuliza. Sikutaka liwe neno lako."

Akaruka botini.

*

Kwanza ni yangeyange. Wote waliruka kwa pamoja, bila mlio, matope yakabaki matupu. Wanaume walikuwa wakivuta mitumbwi midogo hadi nyuma ya nyumba, na Fadlan alikuwa miongoni mwao, amevua viatu, tope limemfika magotini. Maboti makubwa yalikuwa yameshatoka kwenda kati ya mto, kwenye kina, yakisubiri yametazama juu, kule maji yanakotoka siku zote. Lile jeupe la kukodi lilikuwa la mwisho kufika.

Kisha sauti. Ni kama lori linalokuja kwa mbali, na sisi hapa hatuna barabara. Mama Fadlan aliinua kichwa. Aliuliza ni gari gani, na Maimun, aliyekuwa amesimama karibu naye, akamwonyesha upande wa bahari.

Kulikuwa na uzi mweupe umekatiza mto wote. Ukawa kamba. Ukawa ukuta. Jua la mchana lilikuwa mgongoni mwetu na lilimpiga usoni, kwa hiyo hakuwa wa rangi ya tope kama unavyoweza kufikiri, alikuwa wa rangi ya shaba iliyosuguliwa, juu yake povu, na alikuwa anakuja amesimama. Kando kando alivunjika, akang'oa ukingo na minazi mifupi ya matopeni, lakini katikati alikuwa mzima na laini, mlima unaotembea, na ngurumo yake ilipita chini ya miguu kabla haijafika masikioni. Nimemwona tangu nabebwa mgongoni. Kila mara nasema safari hii sitashangaa, na kila mara mdomo wangu hubaki wazi. Ukimwona Bono unajua kwamba mto si wako, wala kijiji, wala hata pumzi, umeazimwa tu kama vile viti vya shule.

Maboti yaliinuka. Moja baada ya jingine yalipanda usoni pake na kuteleza mbele, watu wakipiga kelele za furaha, kwa sababu sisi hatumkimbii, tunampanda kama farasi, tangu babu zetu. Lile jeupe likazama machoni kwa kitambo. Zuraida alisema "Baba" polepole, mara moja. Kisha likatokea juu, limelala kidogo upande, likajinyoosha, likaanza kukimbia mbele ya ule ukuta, na Atan amesimama nyuma yake ameshika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amemshika Ucok ukosi.

Walipita mbele yetu. Gati lilipiga kelele, mbao zikaruka. Nyumba ilitikisika juu ya nguzo zake, na ndani vikombe vya mke wa imamu vililia kwenye sinia, na kile chenye ufa kikamaliza safari yake. Nyuma ya wimbi la kwanza lilikuja la pili, na jingine, na baada ya hapo mto mzima ulikuwa unapanda mlima, umegeuka, unarudi ulikotoka, umebeba magogo, nazi, na beseni la mtu.

Sote tuligeuza shingo kumfuata. Alifika kwenye kona ya juu, penye kina kifupi, penye njia ya kurudi Pekanbaru, na pale aliruka. Maji meupe yalipanda juu kuliko miti, yakasimama, yakaanguka, na sauti yake ikatufikia baadaye. Boti lililoondoka baada ya adhuhuri lingekuwa palepale.

Mama Fadlan hakuwa amepiga kelele. Alikuwa anasema subhanallah, subhanallah, kwa sauti ya mtu anayeongea usingizini, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kujishughulisha nayo. Alikuwa ameushika mkono wa Maimun. Alipouachia, kucha zake zilikuwa zimeacha alama, na Maimun aliushusha mkono wa gauni lake taratibu, ili asizione.

"Mwanangu aliniambia," alisema mwishowe. "Aliniambia mto ulisimama ukatembea."

"Na wewe?"

"Nilimpeleka kuombewa."

Maimun alijitahidi. Wallahi alijitahidi, lakini kicheko kilimtoka puani, na alikishika mdomoni kwa kiganja, na bega lake likaanza kutikisika. Mama Fadlan alimtazama. Kisha naye akaanza, kwanza kwa kikohozi, halafu waziwazi, wanawake wawili wamekaa kwenye ngazi yenye matope wanacheka na kulia. Mzee Bakhtiar alisogea mbali kwa heshima, akasogea upande wa chakula.

"Kile chakula kipo?" aliuliza Mama Fadlan.

"Kimepoa. Nikupashie."

"Lete hivyo hivyo."

Alikula kwa mkono, mchuzi ukimtiririka hadi kifundo cha mkono. Alikula kama mtu aliyetoka safari ndefu. Pilipili ilipomshika aliomba maji, Fadlan akakimbilia kapu, lakini mama yake akampita, akaichukua kata kwenye mtungi wa nyumba, akanywa, akaongeza.

*

Atan na Ucok walirudi maji yalipopungua nguvu. Ucok alikuwa amepoteza kofia na sauti. Alikaa gatini, kwenye mbao zilizobaki, akiwatazama wale wavuvi waliomtania, nao wakampa sigara nyingine, safari hii bila utani. Alipopata sauti alisema wakitaka kuondoka ni sasa, maji yanapanda, yatawasukuma, watafika kabla ya magharibi.

Kwa hiyo njia ilikuwa wazi. Hakukuwa na cha kuwazuia, wala maji wala maneno. Atan aliwaaga kwa mbali, nguo zikidondoka maji, kisha akashuka chini ya nyumba kukusanya mbao za gati zilizosombwa. Hakutaka kuwepo. Mtu aliyevunja posa hasimami kwenye kuaga, na hata kama ingeruhusiwa, nadhani asingeweza.

Mama Fadlan alifunga begi lake, na Zuraida aliiona pete ikiingia ndani yake. Aliifuata kwa macho mpaka zipu ilipofungwa. Fadlan aliiona pia. Alifungua mdomo, na mama yake akamwambia atangulie na kapu, na kijana akatangulia, mgongo umepinda kama mzee. Zuraida alificha mkono chini ya mtandio. Alikuwa amesimama vizuri, amenyooka, na midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe.

Walipofika mwisho wa gati Mama Fadlan aligeuka, akamwuliza Maimun maji makubwa yanakuja tena lini.

"Mwezi ukiandama."

"Basi tutakuja asubuhi ya siku hiyo," alisema. "Pete lazima ije upya, si ndiyo desturi? Tutabisha hodi kama watu msiowajua. Nitakuja na dada zangu."

Maimun hakuelewa mara moja. Alipoelewa, uaminifu wake ulimtangulia, na nilimpenda kwa hilo.

"Mama Fadlan, siku hiyo maji yanaweza kuwafunga, mkalala hapa."

"Najua. Ucok alinieleza yote." Alishuka botini, akashikwa mkono huu na ule, akaketi, akanyoosha sketi yake iliyoharibika. "Ila dada zangu ni wengi, na ni wanene. Vile viti vya shule havitatosha."

Ucok alisema kwa sauti iliyokwaruza kwamba safari hiyo watafute dereva mwingine. Fadlan alikuwa amesimama amelikumbatia kapu, anamtazama Zuraida, na mama yake akalazimika kumvuta shati ili aketi.

Boti lilikwenda na maji, dogo, jeupe, mpaka likaingia kwenye kona ambayo sasa ilikuwa imetulia kabisa. Atan alitoka chini ya nyumba na mbao begani. Aliuliza bila kumtazama mtu kama wameondoka na pete. Zuraida alisema ndiyo, wameondoka nayo. Kisha akamwambia siku wanayorudi, na nani aliyeichagua.

Atan alishusha mbao. Alikaa kwenye kidato cha chini, ambako maji yalikuwa bado yanapanda, yakamfika vifundoni, na mtu yule aliyempanda Bono mchana ule kwa mkono mmoja akafunika uso kwa mikono yote miwili na kulia kama mtoto. Zuraida alikaa karibu naye, miguu majini. Ndani, Maimun alikuwa anafagia vipande vya kikombe cha mke wa imamu, huku akijiuliza kwa sauti ni nani tena kijijini mwenye viti.